Kompyuta Imelala, au Imezimwa?

Wahenga walinena kwamba usingizi ni ndugu wa mauti. Walikuwa wakimzungumzia binadamu, wala hawakudhani kwamba siku moja tungekuwa na kifaa ndani ya nyumba ambacho nacho husinzia, hulala fofofo, na wakati mwingine hujifanya kimekufa ilhali ki hai. Kifaa chenyewe ni kompyuta ya mkononi, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptopu na ambayo walimu wa Kiswahili wanatuhimiza tuiite kipakatalishi.

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi laptopu ni moja na wenye kuihitaji ni wengi. Mama anaitaka aandike hesabu za chama, baba anaitaka ajaze fomu za ushuru, na mtoto anaitaka kwa kazi za shule. Kila mmoja ana namna yake ya kuiacha akimaliza. Yupo anayeifunika tu kama kitabu akaenda zake. Yupo anayeizima kabisa na kuchomoa waya ukutani kana kwamba anazima pasi. Kisha asubuhi zogo linazuka: nani amemaliza betri? Nani amefunga kazi yangu?

Kwetu zogo hilo lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja alikuwa mume wangu, mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo hapakulaliwa mpaka kila kitu cha stima kimezimwa. Upande wa pili alikuwa mpwa wangu, binti wa kaka yangu, aliyekaa nasi alipokuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu. Binti huyu alikuwa akiandika mradi wake wa kuhitimu, na usiku ungemkuta amefungua makala ishirini kwa pamoja, majedwali matatu, na sura aliyokuwa akiiandika.

"Shangazi," alikuwa akinililia, "mwambie mjomba asiizime. Nikiiwasha asubuhi ninapoteza nusu saa nikitafuta nilipokuwa."

Naye mzee hujibu kutoka chumbani: "Mwanangu, kitu kisichozimwa kinakula stima, na tokeni sichumi mtini."

Mimi nilikuwa katikati kama mwamuzi wa kandanda, na mwamuzi asiyejua sheria za mchezo hupigiwa kelele na pande zote mbili. Kwa kuwa kazi yangu ni ualimu, nikaona heri nisome jambo hili, niulize wanaojua, na nilijaribu kwenye mashine yenyewe. Niliyoyapata ndiyo ninayomwandalia msomaji leo, kwa sababu naamini zogo la nyumbani kwangu lipo pia katika nyumba nyingi.

Hebu kwanza tufikirie mwanafunzi aliyeketi mezani. Mbele yake ametandaza vitabu vilivyo wazi, daftari na kalamu. Nyuma yake pana kabati. Vitu vilivyo mezani anavifikia mara moja, lakini meza ni ndogo. Vilivyo kabatini ni vingi na viko salama, ila lazima ainuke avifuate. Kompyuta nayo ina meza na kabati. Meza ni kumbukumbu ya muda, ile mafundi huiita RAM. Kabati ni diski, mahali faili zetu zinapowekwa.

Tofauti kubwa ni kwamba meza ya kompyuta haishiki kitu bila stima. Kila chembe ya kumbukumbu hiyo ni kama ndoo ndogo inayovuja, na kwa kawaida inabidi ijazwe upya kabla ya milisekunde 64 kupita, yaani zaidi ya mara 15 katika kila sekunde. Stima ikikatika, ndoo zote hukauka na kilichokuwa mezani hutoweka. Diski haina udhaifu huo. Kilichoandikwa humo hubaki, stima iwepo isiwepo.

Ukishalielewa jambo hilo moja, mengine yote yanafuata yenyewe.

Usingizi wa kwanza ndio ule ulioandikwa Sleep kwenye skrini. Hapa kompyuta huzima skrini, husimamisha diski na feni, hupumzisha prosesa, lakini huiachia kumbukumbu ya muda stima kidogo ili ndoo zile zisikauke. Bibi zetu walijua mtindo huu. Usiku walifukia makaa kwa majivu, na alfajiri walipukuta majivu, wakapuliza kidogo, moto ukawaka bila kiberiti. Laptopu iliyolala hivi huamka kwa sekunde chache, na kila dirisha ulilolifungua utalikuta palepale ulipoliacha.

Lakini makaa huisha. Tuseme betri yako inabeba watisaa 48, na laptopu ikilala inakula wati 1. Betri iliyojaa itadumu saa 48. Iliyobaki robo itadumu saa 12 tu. Na hapo tunasema habari ya betri nzima. Wengi wetu tunatumia laptopu kuukuu zilizotoka Ulaya, zile za ex-UK, ambazo betri zake zimechoka na hazifikishi hata saa moja. Mashine ya namna hiyo ikilala huku ikitegemea chaja, stima ya mtaa ikipotea ni kama makaa yamemwagiwa maji.

Wala stima kupotea si jambo la kuhadithiwa. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi hii iliingia gizani, na mitaa mingi ilikaa hivyo kwa saa nyingi. Yeyote aliyekuwa ameacha kazi ambayo hajaihifadhi, katika kompyuta iliyolala na isiyo na betri ya kuaminika, aliamka na kukuta meza imepanguswa.

Usingizi wa pili ni Hibernate. Wanaoishi karibu na Ziwa Victoria watanielewa upesi nikiuita usingizi wa kamongo. Samaki huyu, kinamasi kinapokauka, huweza kujichimbia topeni akajifunika na kukaa humo miezi mingi bila maji, akingoja mvua. Hajafa. Mvua ikinyesha hutoka akaendelea na maisha yake.

Kompyuta nayo hufanya hivyo. Kabla ya kulala, hunakili kila kilicho mezani na kukiandika kwenye diski, katika faili moja kubwa. Kisha hujizima kabisa. Unaweza kutoa betri, ukachomoa chaja, ukasafiri nayo hadi Lodwar na kurudi. Siku utakapoiwasha, itasoma faili ile, iitandaze meza kama ilivyokuwa, na sentensi uliyoikatiza katikati utaikuta ikikungoja. Kasoro yake ni kwamba inachelewa kidogo kuliko usingizi wa kwanza. Kwa diski za zamani zinazozunguka huenda ikachukua dakika nzima. Kwa diski mpya zisizozunguka, zile za SSD, ni sekunde chache.

Upo pia mchanganyiko wa hizo mbili. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 ilileta mtindo wa kulala huku nakala ya kumbukumbu imeshaandikwa kwenye diski, na ulinuiwa hasa kwa kompyuta za mezani ambazo hazina betri. Stima ikidumu, mashine huamka haraka. Ikikatika, husoma nakala. Kompyuta za mkononi za Apple zimekuwa na kinga kama hiyo tangu 2005. Laptopu nyingi za Windows nazo zimepangwa zihame zenyewe kutoka usingizi wa kwanza hadi wa kamongo betri inapokaribia kuisha, aghalabu ikifikia asilimia 5 hivi. Lakini betri iliyochoka hudanganya. Husema imebaki asilimia 20, kisha ikazima ghafla kabla mashine haijapata muda wa kunakili chochote.

Mambo haya hayakuzuka jana. Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za pamoja zilizoitwa ACPI, zilizoeleza ni hatua gani kompyuta ipitie kutoka kuwa macho hadi kuzimwa. Ndiyo maana mafundi hutaja S3 wakimaanisha usingizi wa makaa, S4 wakimaanisha wa kamongo, na S5 wakimaanisha kuzimwa.

Sasa nije kwenye lile lililomshangaza mume wangu. Yeye alijivuna kwamba kila usiku alikuwa akibofya Shut down, hivyo mashine ilikuwa ikizimwa sawasawa. Siku moja binti alifungua kile kidirisha cha Windows kiitwacho Task Manager, akamwonyesha mahali panapohesabu muda ambao mfumo umekuwa macho. Palikuwa na siku 19. Mzee alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hii mashine inasema uongo," akasema.

La hasha, haikusema uongo. Tangu Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, Microsoft waliweka mtindo wa kuamka haraka uitwao Fast Startup. Ukibofya Shut down katika mashine yenye mtindo huo, programu zako hufungwa na wewe hutolewa nje, lakini kiini cha mfumo hakizimwi. Hunakiliwa kwenye diski kwa njia ileile ya kamongo. Ni kama duka ambalo wateja wametolewa na mlango kufungwa, ila mwenye duka amelala mumo humo na bidhaa zimebaki rafuni. Asubuhi hahitaji kupanga chochote, anafungua mlango tu.

Ubaya wake ni huu: ikiwa kuna kitu kilichokwama ndani ya duka jana, kitakuwa kimekwama leo pia. Printa iliyokataa kuchapisha, intaneti iliyogoma, sauti iliyopotea, yote yanaweza kuvuka usiku mzima ingawa umezima. Dawa yake ni Restart. Ajabu ni kwamba neno hilo, ambalo wengi hudhani ni dogo kuliko Shut down, ndilo linalozima kila kitu na kuanza upya. Ukitaka kuzima kikweli, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down. Na aliye na mifumo miwili katika mashine moja, mathalani Windows na Linux, yafaa auondoe mtindo huo kabisa. Mfumo wa pili ukiandika kwenye diski ambayo wa kwanza umeiacha katikati ya usingizi, faili zinaweza kuharibika.

Basi wiki mbili kabla ya mpwa wangu kupeleka mradi wake chuoni, balaa likaingia. Aliifungua laptopu asubuhi, skrini ikabaki nyeusi tititi. Taa ndogo ya pembeni iliwaka, feni ilivuma, lakini picha haikutokea. Akabonyeza kila kitufe. Kimya. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono inamtetemeka, hasemi neno.

Tulimpelekea fundi mmoja mjini. Hakufungua hata parafujo moja. Aliitazama, akainusa, akasema, "Mama, motherboard imeungua. Ni shilingi 15,000, na diski lazima nifute kila kitu." Kwa kule kutazama tu alidai shilingi 500, nikazilipa. Elfu kumi na tano ndizo nilizokuwa nimeweka kwa karo ya kitindamimba wetu. Lakini hata hizo pesa hazikumuumiza binti kama yale maneno ya mwisho. Kufuta kila kitu! Miezi saba ya kazi, mahojiano aliyoyafanya kwa miguu mtaa hadi mtaa, yote yafutwe?

"Shangazi, twende nyumbani," alininong'oneza, akaikumbatia ile laptopu kama mtoto mgonjwa.

Jioni kijana wa jirani, anayefanya kazi katika duka la saiba, alipita kutujulia hali. Alichomoa chaja. Akakibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia huku akihesabu polepole hadi thelathini. Feni ikanyamaza, taa ikazima. Akarudisha chaja, akakibonyeza tena mara moja. Skrini ikawaka. Nilimsikia mume wangu akishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Kijana alitueleza kwamba hakuna kilichoungua. Mashine ilikuwa imenaswa kati ya usingizi na kuamka. Kila kiungo cha kompyuta, kama vile skrini na spika, kina programu ndogo inayokiongoza, na mashine inapoamka kila programu hiyo lazima iamshe kiungo chake. Mmoja akikataa, wengine wanaweza kukwama wakimngoja. Kukishikilia kitufe hukata stima kabisa, meza ikapanguswa, na mashine ikaanza upya. Kilichopotea ni aya mbili ambazo binti alikuwa hajazihifadhi. Sura zote nyingine zilikuwa kabatini, salama.

Sisemi kwamba mafundi wote ni walaghai. Nasema tu kwamba skrini nyeusi baada ya usingizi si cheti cha kifo, na mtu asikubali diski ifutwe kabla ya kujaribu jambo hilo lisilogharimu hata senti.

Limebaki la mwisho, nalo linawahusu zaidi wenye laptopu mpya. Watengenezaji walitamani kompyuta iwe kama simu, iamke papo hapo na ipokee barua ikiwa imelala. Hivyo wakaleta usingizi wa tatu, ambao tangu Windows 10 ya mwaka 2015 unaitwa Modern Standby. Kwa kweli huu ni usingizi wa mlinzi wa usiku: jicho moja limefumba, jingine li wazi. Mashine inaweza kujiamsha yenyewe kushughulikia barua au masasisho, hata ikiwa ndani ya mkoba. Ukikwama katika msongamano wa magari kutoka Rongai, unafika mjini, unatia mkono mkobani, unakuta laptopu imepata joto kama chapati na betri imeshuka nusu. Ukitaka kujua yako inalala vipi, fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika powercfg /a, nayo itakuorodheshea aina za usingizi inazoziweza.

Kwa laptopu ya aina hiyo, dawa ni usingizi wa kamongo au kuizima kabla ya kuitia mkobani. Na kwa zile za zamani zenye diski inayozunguka, ambayo aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, usiifunike tu ukaanza kukimbilia matatu. Ngoja taa zitulie, kwani mtikisiko diski ikiwa bado inazunguka unaweza kuikwaruza.

Kuna pia suala la wezi. Laptopu iliyolala usingizi wa makaa ina kila kitu mezani, pamoja na funguo za siri zinazofungua diski iliyofichwa kwa maandishi ya fumbo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo haikauki papo hapo stima inapokatwa, na kwamba mjuzi anaweza kuiwahi na kuzitoa funguo hizo. Mwizi wa kawaida hana ujuzi huo, lakini anayebeba siri za ofisi au za wagonjwa yafaa akumbuke.

Je, nani alishinda katika zogo la nyumbani? Nilichukua karatasi nikapiga hesabu mbele yao. Ikiwa laptopu ikilala hula wati 1, basi usiku wa saa 10 ni watisaa 10. Uniti moja ya stima ni watisaa 1,000. Kwa hiyo ni usiku 100 kabla ya uniti moja kuisha. Mume wangu alikiri kwamba tokeni zake zilikuwa zikiliwa na kitu kingine, na macho yake yakaelekea kwenye pasi. Lakini binti naye alikubali kwamba mashine yetu, yenye betri iliyochoka, haikufaa kuachwa kwenye makaa usiku kucha katika mtaa ambao stima hupotea bila hodi.

Tukapatana hivi. Mchana, mtu akiinuka kwenda kunywa chai, anaifunika tu ilale. Usiku, na wakati wowote inapoingia mkobani, ni usingizi wa kamongo. Kila Jumamosi ni Restart, ili duka lifagiliwe. Ikiwa kwako Hibernate haionekani kwenye orodha, nenda Control Panel, penye mambo ya stima, mahali pa kuchagua kazi za vitufe vya kuzimia. Hapo utapata nafasi ya kuiweka na ya kuuondoa ule mtindo wa kuamka haraka, mradi mashine yako inaruhusu.

Sheria moja tuliiweka juu ya zote, na binti ndiye aliyeiandika kwa kalamu nzito na kuibandika ukutani: bonyeza Ctrl na S kabla ya kuinuka kitini, na kila Ijumaa nakili kazi yako mahali pengine nje ya mashine hii. Alipeleka mradi wake siku mbili kabla ya muda kwisha. Sasa amehama, anafanya kazi Nakuru, na laptopu ile imerithiwa na kitindamimba wetu, ambaye huifunika kwa kishindo na kukimbilia nje kucheza. Karatasi ile bado iko ukutani, nami humwita kila mara arudi aisome.